Mwongozo kamili: kuchagua risasi ya magnamu kwa mashindano ya yadi 1,000

Wanaokwama hapa wengi hukwama kwa namna moja. Wananunua bunduki ya ganda kubwa kuliko yote waliyoyaona dukani, wanaipeleka uwanjani, na msimu haujaisha bega linauma, mtutu umechoka na alama ziko palepale. Tatizo si bunduki. Ni kwamba walianza mwisho: walichagua ganda kwanza, kisha wakatafuta kichwa cha kulifaa, na kanuni za mashindano wakazisoma siku ya kupimwa bunduki mizani.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kanuni, kichwa, ganda, bega lako, mtutu. Ukiufuata, orodha ndefu ya magnamu, yaani risasi zenye ganda kubwa na baruti nyingi kuliko za kawaida, hubaki na majina mawili au matatu.

Tukubaliane maneno kwanza. Hapa chini "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chembani, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu. "Kichwa" ni kile kinachoruka, "ganda" ni kile cha shaba kinachobaki, na "fataki" ni kile kidogo kinachowasha baruti. "Kaliba" ni upana wa kichwa, kwa milimita au kwa inchi (.338 ni inchi 0.338), na "teke" ni pigo la bunduki begani. Uzito wa vichwa na baruti hupimwa kwa greni. Greni moja ni gramu 0.0648.

## Unachohitaji kabla ya kununua chochote

- Kitabu cha kanuni cha mashindano utakayoshiriki, toleo la mwaka huu.
- Programu ya balistiki kwenye simu (ya kukokotoa njia ya kichwa angani), yenye kutumia namba za G7, zinazoelezwa kwenye hatua ya 2.
- Kikokotoo na karatasi.
- Kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kama utajaza risasi mwenyewe.
- Makadirio ya risasi utakazopiga kwa mwaka, mazoezi yakiwemo.
- Mtu wa klabuni atakayekuruhusu upige risasi kumi za magnamu yake. Hili wengi hulidharau, nalo huokoa pesa kuliko yote.

Na karatasi za sheria. Marekani, aliyeko kwa viza ya muda, mathalani mwanafunzi, amezuiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika zuio hilo. Uingereza, cheti cha polisi hutaja kaliba yenyewe, kwa hiyo ukibadili mawazo baada ya kununua, unarudi kwenye maombi. Maliza haya kabla ya hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Soma kanuni, ukate majina

Kanuni zitakufutia nusu ya orodha bila jasho.

F-Open, daraja la wazi la F-Class (mashindano ya kulenga mbali ukiwa umelala, bunduki ikiegemezwa), ndiyo makao ya magnamu kwenye yadi 1,000, yaani mita 914. Bunduki pamoja na darubini isizidi kilo 10 kwa kanuni za kimataifa, pauni 22 kwa Marekani. Kanuni za kimataifa zinaishia kaliba ya milimita 8. Za Marekani zinafika .35. Maana yake .338 inayokubalika Marekani inaweza kukataliwa mlangoni kwenye mashindano ya kimataifa. Breki ya mdomo wa mtutu, kifaa cha kupunguza teke, hairuhusiwi. Likumbuke hilo, litarudi kwenye hatua ya 4.

F-TR, daraja jingine la F-Class, ni .223 Remington na .308 Winchester pekee. Kama ndiko unakoelekea, funga ukurasa huu.

PRS, mashindano ya kuhamahama vituo, yanaweka ukomo wa kaliba .30 na kasi ya futi 3,200 kwa sekunde. Magnamu inaruhusiwa kwa karatasi, lakini pale unapiga ukiwa umeegemea pipa au ngazi na unatakiwa uone kichwa chako kikigonga. Teke la magnamu litakunyima kuona. Chukua 6 mm au 6.5 mm ndogo.

Mashindano ya maili moja na kuendelea ni dunia nyingine. Huko .300 Norma na .338 Lapua Magnum ndiyo mwanzo, na .375 CheyTac ni jambo la kawaida. Viwanja vyenyewe navyo vina mipaka: Bisley, Uingereza, bunduki zenye nguvu ya kiwango hiki huhitaji kibali cha ziada juu ya kile cha kawaida.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye mstari mmoja: masafa, kaliba ya juu, uzito wa juu, breki ndiyo au hapana.

## Hatua ya 2: Chagua kichwa

Kinachofika kwenye shabaha ni kichwa. Upepo haujui jina lililochongwa kwenye tako la ganda. Unajua umbo la kichwa na muda kinaokaa hewani. Ndiyo maana tunaanza na namba ya G7, inayoonyesha jinsi kichwa kinavyopasua hewa. Ikiwa kubwa, upepo unakisukuma kidogo.

Makadirio haya ni kwa usawa wa bahari, upepo wa mita 4.5 kwa sekunde unaokata kutoka pembeni, masafa ya yadi 1,000:

- .308 Winchester, kichwa cha greni 175, kasi futi 2,600 kwa sekunde: kinasukumwa karibu sentimita 260.
- .284 Winchester (si magnamu), 7 mm ya greni 180, futi 2,850: karibu sentimita 150.
- Magnamu ya 7 mm, kichwa hichohicho, futi 2,950: karibu sentimita 142.
- Magnamu ya .300, greni 215, futi 2,900: karibu sentimita 140.

Zitazame namba hizo kwa makini kabla ya kuendelea. Kutoka .308 kwenda 7 mm nzuri umepata zaidi ya mita moja. Kutoka .284 ya kawaida kwenda magnamu umepata sentimita 8. Duara la X, lile dogo la katikati, kwenye shabaha ya F-Class ya Marekani ni inchi 5, yaani sentimita 12.7, na duara la 10 ni inchi 10. Sentimita 8 si haba kwa mtu anayeshindania X. Lakini ukikosea upepo kwa robo ya mita kwa sekunde tu, zimeliwa zote.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: alama zako zinapotea kwa upepo ulioukosea, au kwa mkono? Kama bado unapiga duara la 8 upepo ukiwa umelala, magnamu haitakusaidia. Baki na .284 msimu mmoja zaidi.

Ukiamua kuendelea, chaguo la kweli ni mawili:

7 mm, greni 180 hadi 195. Ndiyo inayotawala mazungumzo ya F-Open. Namba ya G7 ya vichwa vya greni 180 vya mashindano huwa karibu 0.34, kwa teke linalovumilika.

.30, greni 200 hadi 230. Upepo unakaribiana na 7 mm, teke ni zaidi. Faida yake ni maganda na vichwa vinavyopatikana kwa urahisi, na tundu kubwa kidogo kwenye karatasi, ambalo mara mojamoja hugusa mstari na kukupa pointi.

Tumia vichwa vya mashindano tu. Vya uwindaji vimetengenezwa vifanye kazi ndani ya mnyama. Usawa wa kimoja na kingine si kipaumbele chao.

Umefaulu ikiwa umeandika kichwa kimoja kwa jina, uzito na urefu wake, na umehakikisha kinapatikana kwa mamia, kutoka toleo moja la kiwandani.

## Hatua ya 3: Tafuta ganda dogo linalotosha

Sasa ndipo ganda linaingia. Shabaha yako ni kasi unayoihitaji kwa kichwa ulichochagua, kwa ganda dogo kadiri inavyowezekana. Kila greni ya baruti ya ziada unailipa mara mbili: begani na kwenye koo la mtutu, yaani mwanzo wa mtutu mbele ya chemba.

Kuna hesabu rahisi ya kupima ulafi wa ganda. Chukua ujazo wake kwa greni za maji (uzito wa maji yanayolijaza), ugawe kwa eneo la tundu la mtutu kwa inchi za mraba (0.0547 kwa 6.5 mm, 0.0633 kwa 7 mm, 0.0745 kwa .30, 0.0897 kwa .338). Jibu likipanda, moto mwingi unapita kwenye mlango mwembamba, na koo linaliwa upesi.

- .308 Winchester: 56 ÷ 0.0745 = karibu 750
- .284 Winchester: 66 ÷ 0.0633 = karibu 1,040
- .300 WSM: 79 ÷ 0.0745 = karibu 1,060
- .300 Winchester Magnum: 92 ÷ 0.0745 = karibu 1,235
- .338 Lapua Magnum: 114 ÷ 0.0897 = karibu 1,270
- 7 mm Remington Magnum: 82 ÷ 0.0633 = karibu 1,295
- .28 Nosler: 93 ÷ 0.0633 = karibu 1,470
- .26 Nosler: 93 ÷ 0.0547 = 1,700

Ujazo hubadilika kidogo kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo usigombane na mtu kwa tofauti ya 20. Mpaka wa kutumia kwa mashindano ni 1,300. Juu ya hapo unanunua kasi ya kujisifia.

Utaona .300 WSM imekaa pazuri: magnamu kamili, ulafi wa .284. Ganda ni fupi na nene, na halina mkanda. Kwa anayeanza F-Open na anataka .30, hilo ndilo la kwanza kulifikiria. Kwa 7 mm, tazama 7 mm PRC na 7 mm WSM. Ila maganda ya 7 mm WSM huadimika, na bunduki isiyo na maganda ni fimbo ya bei ghali.

### Kuhusu mkanda

7 mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum zina mkanda, ukingo wa shaba uliovimba, juu ya tako la ganda, na zimeshawaponza wengi. Mkanda ndio unaolizuia ganda chembani, kwa hiyo bega la ganda, pale linapoanza kubana kuelekea shingo, linaweza kuwa na nafasi mbele yake. Risasi ikilia, ganda linanyooka kuijaza nafasi hiyo. Ukilirudisha umbo kwa kulikandamiza hadi mwisho wa dai (kifaa cha kurudishia ganda umbo), kila safari shaba inazidi kukonda juu kidogo ya mkanda, hadi siku linapokatika.

Dawa yake: baada ya kupiga mara ya kwanza, rekebisha dai lirudishe bega nyuma kwa milimita 0.05 tu. Kuanzia hapo bega ndilo linalozuia, mkanda unabaki pambo. Kisha chukua waya mwembamba, pinda ncha yake, uupitishe ndani ya ganda kutoka chini kwenda juu. Ukikwaruza mfereji karibu na mkanda, ganda hilo ni la kutupa, na wenzake wa kundi moja wakaguliwe wote.

PRC, WSM, .300 Norma na .338 Lapua hazina mkanda, na hazina usumbufu huu.

Umefaulu ikiwa umebaki na maganda mawili, na unaweza kutaja watengenezaji wawili wa kila moja walio na mali dukani leo.

## Hatua ya 4: Pima teke kabla halijakupima

Piga hesabu hii. Uzito wa kichwa kwa kilo mara kasi yake kwa mita kwa sekunde. Ongeza uzito wa baruti kwa kilo mara 1,430, kasi ya makadirio ya gesi. Jumla igawe kwa uzito wa bunduki: hiyo ni kasi ambayo bunduki inakujia. Izidishe kwa yenyewe, kisha kwa nusu ya uzito wa bunduki. Jibu ni jouli.

Mfano wa .300 yenye kichwa cha greni 215 (kilo 0.01393) kwa mita 884, na baruti ya greni 75 (kilo 0.00486, namba hii ni ya hesabu ya teke tu, si kipimo cha kujazia):

0.01393 × 884 = 12.31
0.00486 × 1,430 = 6.95
Jumla 19.26. Gawa kwa kilo 10: 1.93. Nguvu ya teke: jouli 18.5.

Risasi hiyohiyo kwenye bunduki ya uwindaji ya kilo 4.1 inatoa jouli 45. Ndiyo maana bunduki ya kuwindia haigeuki ya mashindano kwa kubadilishiwa darubini.

Magnamu ya 7 mm kwenye kilo 10, kichwa cha greni 180, iko karibu jouli 13.6. .308 ya F-TR ya kilo 8.25 iko karibu 10. Kwa maneno mengine, .300 inakupiga zaidi ya theluthi moja juu ya 7 mm ili ikupe sentimita mbili za upepo, na breki umekatazwa.

Sasa zidisha kwa siku. Mechi ya kawaida ni risasi 20 za alama na za majaribio mwanzoni, na mechi tatu kwa siku si ajabu. Risasi ya kumi haikusumbui. Ya 55, mwili unaanza kujikaza kabla kifyatulio hakijaachia, na wewe hujui. Dalili iko kwenye karatasi: risasi zinaanza kutawanyika kwenda juu na chini saa za mchana, ilhali asubuhi zilikuwa zimelala mstari mmoja.

Jaribu hivi kwenye magnamu ya kuazima: mwenye bunduki akupakilie, akiweka risasi ya mafunzo isiyo na baruti kati ya za kweli bila kukuambia. Ikifika hiyo na mdomo wa bunduki ukaruka, ni wewe unayeruka.

## Hatua ya 5: Hesabu mtutu kama mafuta ya gari

Mtutu wa magnamu ni kitu cha kuisha. Makadirio ya watumiaji wa mashindano, kwa usahihi wa kiwango cha kushinda: .284 karibu risasi 1,500 hadi 2,000; magnamu za 7 mm karibu 1,000 hadi 1,200; .300 Winchester Magnum karibu 1,200 hadi 1,500. Zitaendelea kupiga baada ya hapo, ila hazitashinda.

Siku ya mechi tatu ni risasi 66. Toa 100 za kutafuta kipimo: mtutu wa risasi 1,000 unakupa siku 13 au 14 za mashindano. Mazoezi hayamo. Ukishiriki mara mbili kwa mwezi, ni miezi saba. Kama bajeti yako haina mtutu wa pili, huna bajeti ya magnamu.

Risasi zipigwe taratibu pale inapowezekana. Usifunge bolti, komeo la chemba, na kuiacha risasi ndani ya chemba ya moto huku ukisubiri upepo: baruti inapata joto, kasi inapanda, na risasi inakwenda juu bila kosa lako. Soma upepo kwanza, funga bolti baadaye.

## Hatua ya 6: Agiza mtutu kwa ajili ya kichwa, si kwa ajili ya jina

Mambo mawili ndiyo ya kushikilia.

Msokoto wa mifuo, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa. Vichwa virefu vinataka kuzungushwa haraka. 7 mm ya greni 180 yenye urefu wa inchi 1.5, kwenye msokoto wa zamu moja kwa inchi 9, inapata kigezo cha utulivu cha karibu 1.5 kwa hesabu ya Miller, fomula ya kukadiria kama kichwa kitatulia angani. Hapo ndipo unapotaka kuanzia. Kwenye inchi 9.5 za bunduki nyingi za zamani za 7 mm Remington Magnum inashuka karibu 1.4: itafika shabahani, lakini umelipia namba ya G7 usiyoipata yote. Kwa greni 195 agiza inchi 8 au 8.5. Kwa .30 ya greni 215, inchi 10 inatosha. Kwa 230 nenda 9.

Koo la chemba. Tengeneza risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, kichwa kikiwa kimekaa pale unapotaka: tako lake lisishuke chini ya makutano ya shingo na bega la ganda. Mpe fundi bunduki risasi hiyo akate koo kwa kuifuata. Wasiofanya hivi hukuta kichwa kimezama ndani ya ganda, nafasi ya baruti imepungua, na ukubwa walioulipia umeliwa na kichwa.

Kwa anayenunua bunduki ya dukani yenye magazini, pima magazini. .300 Winchester Magnum imepangiwa urefu wa inchi 3.34, .300 PRC inchi 3.70. PRC haitaingia kwenye magazini ya ndugu yake. F-Class inapakiwa mojamoja, huko hili halikuhusu.

## Hatua ya 7: Hakikisha kabla ya mechi ya kwanza

Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa baruti ileile iliyotajwa. Baruti zinazoungua polepole kama H1000 na Retumbo ndizo za kawaida kwa maganda haya, na fataki za magnamu kama Federal 215M au CCI 250. Usichanganye baruti, usikopi kipimo cha mtu mtandaoni. Bolti ikiwa nzito kuinua, alama inayong'aa kwenye tako la ganda, au fataki inayoingia bila ubishi kwenye ganda lililotumika mara moja: simama, rudi chini.

Piga risasi 20 kwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi. Tano hazisemi kitu. Unatafuta mchepuko wa kawaida, yaani mtawanyiko wa kasi, wa mita 3 kwa sekunde au chini. Sababu ni hii: risasi mbili za 7 mm zikitofautiana mita 9 kwa sekunde, zinaachana karibu sentimita 13 kwa wima kwenye yadi 1,000. Ni duara la X zima, na upepo haujasema neno.

Kisha nenda yadi 1,000 alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, upige kumi. Usitazame upana, huo ni wa upepo. Pima urefu wa wima peke yake. Ukiwa chini ya sentimita 13, umepata risasi yako. Ukiwa kati ya 13 na 20, rudi kwenye baruti na mvutano wa shingo za maganda, yaani jinsi zinavyokibana kichwa. Ukizidi 20 huku kronografu ikionyesha namba nzuri, kabla hujalaumu kichwa kagua skrubu za darubini, kwa sababu teke la magnamu huzilegeza, kisha mpe bunduki hiyohiyo mtu mwingine apige kumi.